Sahani za China zenye nembo za koo za Ulaya: njooni tuwazungumzie waliozichora

Mkaa Ng'ambo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi katika nyumba ya mnada huku Uingereza. Kila msimu hupita mezani kwetu sahani, mabirika na mabakuli ya supu yaliyotengenezwa China miaka ya 1700, na katikati ya kila chombo imechorwa nembo ya ukoo fulani wa Kiingereza, Kiskoti, Kidachi au Kireno. Wanunuzi huwa na swali moja: huu ni ukoo gani? Wakishajibiwa, mazungumzo yameisha. Nafungua uzi huu kwa sababu naona nusu ya habari inaachwa mezani. Vyombo hivi vilichorwa na mafundi ambao hawakusoma herufi za Kilatini, hawakuijua familia iliyoagiza, wala hawakuelezwa ile ngao ina maana gani. Hata hivyo walinakili mstari kwa mstari, kwa usahihi ambao mpaka leo unatusaidia kujua nani alimwoa nani na mwaka gani. Nataka tuwaongelee wao.

Kwanza nembo yenyewe, kwa asiyezoea. Itazame nembo ya Tanzania: kuna ngao, kuna bwana na bibi wanaoishikilia wakiwa wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, na utepe wenye maneno "Uhuru na Umoja". Utaratibu huo umetoka Ulaya, ila kule nembo ilikuwa mali ya ukoo. Juu ya ngao mara nyingi kuna kofia ya chuma ya vita, na juu yake mnyama, ndege, mkono wenye upanga au kitu kingine ambacho familia imekichagua. Mwanamume akioa binti wa ukoo wenye nembo, ngao hugawanywa wima: ya mume upande wa kushoto wa mtazamaji, ya baba mkwe upande wa kulia. Binti akiwa hana kaka na yeye ndiye mrithi, nembo ya baba yake huwekwa kama kijingao kidogo katikati ya ngao ya mume. Kwa hiyo sahani ikionyesha ndoa fulani, tunajua haikuagizwa kabla ya ndoa hiyo. Na kama mume alifiwa akaoa tena, tunapata na mwaka wa mwisho. Ndiyo maana vyombo hivi vimesaidia sana kupanga kwa miaka mitindo ya kauri za China zilizouzwa nje, hata zile zisizo na nembo.

Kwa familia za Uingereza pekee zimetambuliwa seti zaidi ya 3,000, nyingi za kati ya 1700 na 1820 hivi. Waswidi, Wadachi, Wareno, Wafaransa na baadaye Wamarekani nao waliagiza za kwao.

Nitaendelea. Maswali karibuni.

Mzee wa Kariakoo

Mwanangu, hongera kwa uzi. Nifafanulie jambo moja. Zama hizo hakuna picha wala simu. Mtu yuko shambani kwake Uingereza, fundi yuko China. Fundi alijuaje nembo ikoje?

Mkaa Ng'ambo

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo moyo wa habari.

Familia ilitoa kielelezo. Wengine walimlipa mchoraji awapakie nembo yao kwa rangi kwenye karatasi. Wengine walitoa ile karatasi ndogo iliyochapwa kwa wino mweusi ambayo matajiri walibandika ndani ya jalada la vitabu vyao ili kuonyesha kitabu ni cha nani. Kielelezo kilikabidhiwa kwa nahodha au kwa msimamizi wa shehena wa meli iendayo China. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilileta kauri za kawaida kwa maelfu kwa ajili ya kuuza kwa jumla, lakini haikujishughulisha sana na maagizo ya mtu mmoja mmoja. Maofisa wa meli walikuwa na haki ya kubeba mizigo yao binafsi kwa kiasi fulani, na seti za nembo zilisafiri humo. Ukiwa na ndugu au rafiki melini, mambo yako yalikwenda.

Kuna kielelezo kimoja kilichosalia ambacho nakipenda kuliko vyote. Bwana Leake Okeover wa Staffordshire aliagiza sahani miaka ya mwanzo ya 1740. Mchoro wa rangi uliotumwa China, wenye umbo la sahani kamili, una maandishi ya mkono yanayosema ni nembo ya nani na kwamba mchoro urudishwe. Ukarudishwa. Ukiuweka kando ya sahani iliyotoka Canton, bandari ya China, unatafuta tofauti na unaipata kwa shida. Kila sahani ilimgharimu karibu pauni moja, bei kubwa mno wakati ule, mara nyingi zaidi ya sahani ya kawaida ya bluu na nyeupe.

Sasa safari. Meli zilitoka Ulaya wakati wa baridi, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikapanda Bahari ya Kusini ya China kwa upepo wa kusi na kutia nanga Whampoa, mtoni, chini ya mji wa Canton, yaani Guangzhou. Wazungu hawakuruhusiwa kuishi ndani ya mji. Walikaa kwenye safu ya nyumba za biashara ukingoni mwa mto na kufanya biashara na wafanyabiashara maalumu waliopewa kibali na dola. Kuanzia 1757 bandari ya Canton ndiyo pekee iliyobaki wazi kwao. Kaskazi ikishika, meli zinaondoka. Agizo dogo la rangi liliweza kuwahi meli ileile. Agizo la bluu lilibidi liende bara hadi Jingdezhen, mji wa matanuri ya kauri, kwa hiyo mwenye mali alisubiri msimu mwingine. Toka kutuma karatasi hadi kula supu kwenye sahani yako, hesabu miaka miwili, pengine mitatu.

Mfinyanzi wa Bagamoyo

Dada yenu niko kwenye kazi hii ya udongo, nimefurahi. Ila kaka, hapo kwenye bluu na rangi umepita haraka, na ndipo penye utamu wa fundi. Eleza watu kwa nini bluu lazima iende Jingdezhen.

Mkaa Ng'ambo

Ahsante dada, unisahihishe nikiteleza.

Jingdezhen iko jimbo la Jiangxi, mbali na bahari. Pale kuna vitu viwili vilivyofanya kauri iwezekane: udongo mweupe, ambao dunia nzima unaitwa kaolini kutokana na kilima cha Gaoling kilicho karibu na hapo, na jiwe jeupe linalosagwa kuwa unga. Udongo unashika umbo, jiwe linayeyuka na kugeuka kama kioo. Moto unafika nyuzi joto 1,300 hivi. Rangi ya bluu ya kobalti inavumilia moto huo. Kwa hiyo inachorwa kwenye chombo kikavu kisichochomwa bado, kisha kinamwagiwa maji ya kioo, vyote vinaingia tanurini pamoja. Bluu inalala chini ya kioo. Haifutiki hata usugue miaka 300.

Rangi nyingine haziwezi moto huo. Nyekundu, kijani, njano, waridi na dhahabu hupakwa juu ya kioo cha chombo kilichokwisha kuchomwa, kisha kinarudishwa kwenye tanuri dogo la moto mdogo. Kazi hiyo inaweza kufanyika popote penye sahani nyeupe na tanuri. Mwanzoni nembo za rangi pia zilichorwa Jingdezhen, lakini miaka ya 1700 ilipokuwa ikisonga wafanyabiashara wa Canton waliona heri kuweka akiba ya sahani nyeupe, na wachoraji wakawa palepale mjini, karibu na meli na karibu na mteja. Vyombo vilitoka Jingdezhen kwa mashua, vikavuka Ziwa Poyang, vikapanda mto Gan, vikabebwa na wapagazi kuvuka mlima kwenye njia ya Meiling, kisha mashua tena hadi Canton. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye mabega.

Kuhusu wafanyakazi tuna mashahidi wawili wazuri. Padri Mjesuiti wa Kifaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliishi katika eneo lile na kuandika barua mbili ndefu, ya 1712 na ya 1722. Alieleza jinsi kazi ilivyogawanywa: mmoja anavuta tu mstari wa duara ukingoni, mwingine anachora muhtasari wa maua, wa tatu anajaza rangi. Alisema chombo kimoja hupitia mikono ya watu 70 hivi. Shahidi wa pili ni Mwingereza William Hickey, aliyetembelea karakana ya Canton mwaka 1769. Aliona ukumbi mrefu wenye wachoraji zaidi ya 100. Wengine walikuwa wazee sana. Wengine walikuwa watoto wa miaka sita au saba.

Hiyo sentensi ya mwisho naomba muiweke akilini tunapoendelea.

Mfinyanzi wa Bagamoyo

Umesema sawa. Niongeze moja: dhahabu ndiyo dhaifu kuliko zote. Inachomwa mwisho kabisa, kwa moto mdogo, haijamezwa na kioo bali imekaa juu yake. Ndiyo maana kwenye vyombo vya zamani utaona dhahabu imefifia pale kisu na kitambaa vilipopita, na mistari myekundu ya chini yake imetokeza. Ile waridi nayo inatokana na dhahabu iliyosagwa hadi haionekani kwa macho. Ilianza kushamiri kwenye kauri za China miaka ya 1720. Fundi anayechora kwa waridi anapaka kitu ambacho kabla ya moto hakina hata sura ya rangi itakayotokea. Lazima aijue kwa moyo.

Kijana wa Nakuru

Mkuu, nimefuatilia toka juu. Lakini tusiwapambe sana. Nimesoma kwamba wachoraji hawa walikosea vibaya. Nembo imepinduliwa miguu juu, na kuna mahali waliandika jina la rangi badala ya kuipaka rangi. Mtu makini angekosea hivyo?

Mkaa Ng'ambo

Kijana wangu, hapa ndipo natofautiana na wengi, hata wenzangu wa kazini.

Ni kweli makosa yapo. Kuna mabirika ya Kireno ya miaka ya 1520 ambayo nembo ya mfalme imechorwa juu chini. Kuna sahani ambazo mwenye kielelezo aliandika neno la rangi ndani ya ngao, kumaanisha "hapa pakeni rangi hii", na mchoraji akalinakili neno kama sehemu ya nembo. Inasimuliwa pia kwamba mtu mmoja aliandika chini ya mchoro wake kwamba hizi ni nembo zangu na za mke wangu, na seti nzima ikarudi na sentensi hiyo kwenye kila sahani. Hii ya mwisho iacheni kama hadithi ya sokoni. Yale mengine yapo, yanashikika.

Sasa fikiria. Umepewa karatasi yenye alama za nchi usiyoijua. Kuna simba mwenye ndimi tatu za moto, kuna vijiti, kuna herufi. Umeambiwa: fanya kama ilivyo. Hukuambiwa hiki ni cha kuchora na hiki ni cha kusoma. Ukiacha kitu, umekosea. Ukiongeza, umekosea. Mtu mwaminifu atafanya nini? Atanakili kila kitu. Neno la rangi lililobaki ndani ya ngao ni kosa la aliyeandika kielelezo na kudhani dunia nzima inasoma mwandiko wake.

Kuna ushahidi mzuri zaidi. Huko Ulaya, toka miaka ya 1600, walikuwa na mpango wa kuonyesha rangi kwenye chapa nyeusi kwa mistari: mistari wima ni nyekundu, mistari ya mlalo ni bluu, ya mshazari ni kijani, vidoto ni dhahabu, na pasipo kitu ni fedha. Mjesuiti Silvester Petra Sancta aliutangaza mpango huo mwaka 1638. Familia iliyotuma karatasi ya kubandika vitabuni ilituma mistari hiyo bila maelezo. Fundi wa Canton akaichora yote, kwa brashi ya nywele chache, kwa wino mweusi, mistari wima mahali pa mistari wima na vidoto mahali pa vidoto. Leo mtu anayejua mpango ule anaisoma ngao kwa rangi kamili kutoka kwenye sahani isiyo na rangi hata moja. Habari imevuka bahari mbili, imepita katika mkono wa mtu asiyeijua, na imefika salama. Mimi siiiti hiyo kutokuwa makini.

Na kumbuka watoto wa Hickey. Pengine mstari huo ulivutwa na mtoto wa miaka saba.

Binti wa Malindi

Salaam kaka. Mimi wa pwani, na umenigusa. Sisi Mambrui tuna kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za Kichina, na Lamu zidaka za ukutani zilijaa vyombo hivyo. Je, vyetu havina nembo? Na vinahusiana na hivyo vya Wazungu?

Mkaa Ng'ambo

Dada yangu, vyetu vina umri mkubwa kuliko karibu vyote ninavyopokea mimi. Mambrui, Gedi, Kunduchi, Kaole, Kilwa: pwani yetu ilipokea vyombo vya China karne nyingi kabla Mreno hajaonekana, kupitia wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Vyombo vingi vya bluu na nyeupe vilitoka matanuri yaleyale ya Jingdezhen. Tofauti ni ya biashara. Mtu wa Malindi alinunua kilicholetwa sokoni, akachagua kizuri, akakipa heshima ukutani au kaburini. Mzungu wa miaka ya 1700 alituma agizo lenye jina lake.

Lakini kuna uzi unaotuunganisha, na si mtamu. Vyombo vya kwanza kabisa vya China vyenye alama za Ulaya vilitengenezwa kwa Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno, karibu na 1520; yeye alifariki 1521. Vina nembo yake na lile tufe lililoundwa kwa pete, mfano wa anga, lililokuwa alama yake binafsi. Manuel huyo ndiye aliyemtuma Francisco de Almeida, ambaye mwaka 1505 aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Wareno walifika pwani ya China mwaka 1513, miaka minane tu baadaye. Anayetazama birika la Manuel ndani ya kabati la kioo huko Ulaya, aelewe mkono uliolinunua ulishapita kwetu.

Halafu kuna ile meli ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira ngome. Wazamiaji waliichimba kuanzia 1977, na kati ya vitu vilivyotoka zimo kauri za China. Baadhi ya vitu vya meli ile viko kwenye makumbusho ya Ngome ya Yesu. Uko karibu, nenda kavitazame.

Binti wa Malindi

Habari ya Manuel sikuijua. Ahsante kaka, nitawapeleka wanafunzi wangu.

Mtu wa Bujumbura

Ndugu, naomba swali zito kidogo. Pesa ya kuagiza sahani 100 kwa pauni moja moja ilitoka wapi?

Mkaa Ng'ambo

Ilitoka mahali pengi: ardhi, benki, biashara ya chai, utumishi serikalini. Na ilitoka pia kwenye mashamba ya miwa ya Karibi. Wamiliki wa mashamba yale, waliotajirika kwa jasho la watumwa, wamo kwenye orodha ya walioagiza. Sitaki kupaka wote rangi moja, wala sitaki kulipita hilo.

Mfano unaoniumiza ni wa Adriaan Valckenier. Alikuwa Gavana Mkuu wa Kampuni ya Kidachi ya India Mashariki mjini Batavia, ambayo ndiyo Jakarta ya leo, toka 1737 hadi 1741. Seti zenye nembo yake zinajulikana sana na hupita minadani mara kwa mara. Kazi nzuri, rangi zimetulia, dhahabu nyingi. Oktoba 1740, chini ya utawala wake, Wachina wa Batavia waliuawa kwa siku kadhaa, nyumba kwa nyumba. Hesabu inayotajwa zaidi ni watu 10,000. Baadaye Valckenier alikamatwa na Kampuni yake mwenyewe, akafia kifungoni Batavia mwaka 1751. Sahani zake zilichorwa na Wachina. Katika maelezo ya mnada huandikwa jina, cheo na miaka ya ugavana. Mimi nikiandika, naweka na Oktoba 1740. Hakuna aliyewahi kunifutia, na naamini mnunuzi ana haki ya kujua.

Upande mwingine kuna Kamanda George Anson. Alifika Canton na meli ya kivita Centurion mwaka 1743, na mabaharia wake wakasaidia kuzima moto mkubwa mjini. Inasimuliwa kwamba wafanyabiashara wa Ulaya waliokuwa Canton walimpa seti ya vyombo kwa shukrani. Seti iko bado, zaidi ya vipande 200, katika nyumba ya ukoo wake, Shugborough. Sisi watu wa pwani tutaipenda kwa sababu moja: katikati ya sahani kuna mshelisheli. Mabaharia wa Anson, wakiwa wagonjwa wa kiseyeye, waliokolewa na matunda ya kisiwa cha Tinian, mashelisheli yakiwemo. Ofisa wake Peircy Brett alikuwa mchoraji, na michoro yake ndiyo iliyotumika. Fundi wa Canton akachora mshelisheli wa Pasifiki kwa ajili ya meza ya Staffordshire.

Kijana wa Nakuru

Mkuu, nimekuelewa kwenye lile la makosa, na nakubali. Sasa la mfukoni. Mtu akiona sahani ya namna hii inauzwa mtandaoni, atajuaje ni ya kweli?

Mkaa Ng'ambo

Picha hazitoshi. Ishike mkononi au mtume mtu aishike.

Adui mkubwa ni kiwanda cha Samson cha Paris, kilichoanzishwa na Edmé Samson mwaka 1845. Kiliiga kauri za kila namna, na nembo za vyombo vya China kilizipenda. Kazi yake ni safi, na hapo ndipo inapojulikana: mwili wa chombo ni laini kupita kiasi, umelingana kila mahali. Sahani ya China ya miaka ya 1700 ukiigeuza, duara la chini halina kioo, udongo uko wazi, mara nyingi una wekundu wa kutu pale moto ulipougusa. Kioo kina vitundu vidogo kama vya sindano. Ukiinamisha kwenye mwanga utaona mawimbi.

Ujanja wa pili ni hatari zaidi: sahani ya kweli ya China, ya miaka ileile, isiyokuwa na nembo, imeongezwa nembo baadaye ili ipande bei. Mwili utakudanganya kwa sababu ni wa kweli. Hapo tazama mikwaruzo. Sahani iliyoliwa ina alama za kisu zilizopita juu ya rangi. Ukikuta mikwaruzo imekwenda hadi nembo, ikapotea chini ya rangi, kisha ikatokea upande wa pili, nembo ile ilipakwa juu ya mikwaruzo. Usinunue. Kisha ulinganishe umri: mapambo ya ukingoni yana miaka yake, ndoa ndani ya ngao ina miaka yake. Vikipishana kwa miaka 40, kuna uongo.

Msafiri wa Virginia

Habari wakuu, naandikia Marekani. Niongeze ya huku. Meli ya kwanza ya Marekani kwenda China, Empress of China, iliondoka New York Februari 1784, na msimamizi wa shehena alikuwa Samuel Shaw, askari wa zamani wa vita vya uhuru. Alitaka vyombo vyenye alama ya Cincinnati, chama cha maofisa wa vita hivyo. George Washington alinunua seti yenye vipande 302 mwaka 1786, kwa dola 150. Baadhi ya vipande viko Mount Vernon. Lakini kaka Mkaa Ng'ambo, Shaw mwenyewe aliandika kwamba alimpa mchoraji wa Canton vielelezo kadhaa vya watu ili aviunganishe kuwa picha moja, ikashindikana. Akasema wachoraji wale ni hodari wa kunakili ila hawana ubunifu. Unamjibuje?

Mkaa Ng'ambo

Ahsante sana ndugu, nilikuwa nakuja huko, umenitangulia vizuri.

Namjibu hivi. Shaw alitaka picha ya miungu na mashujaa wa Kirumi ipangwe na mtu ambaye hajui yupi mungu, yupi shujaa, nani amwangalie nani. Alichokihitaji ni msimulizi wa hadithi za Roma. Yeye mwenyewe alizijua, na hakuweza kuichora. Mwishowe vyombo vilitoka na malaika mmoja mwenye tarumbeta, alama ya Sifa, ameshika nishani ya Cincinnati. Hiyo nishani imechorwa ndogo, na utepe wake na tai wake vinasomeka. Ukiitazama seti ya Washington leo, kinachokushika macho ni ile nishani. Ndiyo iliyonakiliwa.

Kuhusu ubunifu, tazameni kingo za sahani. Katikati ni amri ya mteja, kwa hiyo fundi ananakili. Ukingoni mara nyingi mteja hakusema kitu, na hapo karakana iliachiwa nafasi: maua, ndege, mandhari ya mto, vimistari vya dhahabu. Kuna seti ya ukoo wa Lee wa Coton, Uingereza, ya miaka ya 1730 ambayo ukingoni ina mandhari mbili zinazopokezana, London na mto wake Thames, na Canton na mto wake wa Lulu. London ilinakiliwa kutoka kwenye chapa. Canton mchoraji aliijua kwa macho yake. Ukiziweka pamoja, mashua za Canton zina watu wanaofanya kazi. Za London zimesimama tu. Sijachoka kuzitazama.

Biashara yenyewe haikudumu. Meissen, Ujerumani, walianza kutengeneza kauri mwaka 1710, na viwanda vya Uingereza vikafuata na vyombo vya bei nafuu. Kampuni ya India Mashariki iliacha kuleta kauri kwa jumla mwaka 1791, na kufikia 1799 ushuru wa Uingereza kwa kauri za China ulikuwa umepita asilimia 100. Maagizo ya nembo yaliendelea kwa unyonge hadi miaka ya 1820 hivi.

Mzee wa Kariakoo ameniuliza pembeni mahali pa kuziona bila kununua. London, nenda Makumbusho ya Uingereza au Victoria and Albert. Kuingia ni bure kote kuwili. Marekani kuna Peabody Essex mjini Salem na Winterthur kule Delaware, na Mount Vernon aliyoitaja ndugu yetu. Ukifika, usianze na kibao cha maelezo. Anza na mstari wa ukingoni, uufuate mpaka uone mahali brashi ilipoinuliwa na kuanza upya. Upo karibu kila sahani. Nembo ifuate baadaye. Mwenye picha ya chombo chenye ngao asiyoielewa ailete hapa, tuisome pamoja, ila apige na upande wa chini.